Cheni inapiga fremu: kabla hujalipia direla mpya

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Nzuguni, Dodoma. Nina baiskeli ya milimani ya mtumba, ina shokapu za mbele tu. Mbele kuna sproketi tatu, meno 42, 32 na 22. Nyuma gia 8, meno 11 mpaka 32. Nikishuka Ntyuka au nikiwa kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Hombolo, cheni inapiga fremu mpaka rangi imebanduka, na mara mbili imedondoka kabisa. Mwezi uliopita nilinunua cheni mpya nikaifunga vilevile ilivyotoka kwenye boksi. Muuza spea ananishauri ninunue direla (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine) ya gia 10 yenye klachi, eti tatizo litaisha. Ninunue? Kama siyo hiyo, nichague ipi? Kutoka katikati ya krenki mpaka katikati ya haba (kitovu) ya gurudumu la nyuma nimepima sentimita 43. Sproketi ninayotumia zaidi ni ile ya katikati.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usilipe bado. Direla ya gia 10 haitaelewana na liva yako ya kubadilishia gia, ya gia 8, na hata ingeelewana, cheni uliyoifunga bila kuikata ingeendelea kukusumbua. Naanza na cheni kwa sababu ndiko tatizo lako kubwa lilipo. Baada ya hapo tutakuja kwenye direla, maana swali la kuchagua umeliuliza vizuri na lina mambo ambayo wauzaji wengi hawayasemi.

Cheni ya gia 8 hutoka kiwandani na pingili 114 au 116. Pingili nahesabu kutoka pini moja hadi pini inayofuata, yaani nusu inchi, milimita 12.7. Kiwanda hakijui urefu wa fremu yako wala meno ya sproketi zako, kwa hiyo kinatoa cheni ndefu ili kila mnunuzi akate kwa kipimo chake. Wewe hukukata. Tupige hesabu kwa vipimo ulivyonipa. Sentimita 43 mara mbili ni 86; ukigawa kwa 1.27 unapata karibu pingili 68. Chukua sproketi kubwa ya mbele, 42, na kubwa ya nyuma, 32. Jumla yake 74, nusu yake 37. Sitini na nane na 37 ni 105. Ongeza 2 za kuipa direla nafasi ya kupumua, ni 107. Cheni hufungwa kwa idadi shufwa, kwa sababu pingili za ndani na za nje hupokezana, basi tunapanda mpaka 108. Kama cheni yako ilikuwa ya 116, una pingili 8 zisizo na kazi, zaidi ya sentimita 10 za chuma zinazoning'inia na kutafuta pa kupiga.

Hesabu hiyo ni ya kukutayarisha tu. Kabla ya kutoa pini yoyote, pitisha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direla, ivute mpaka ncha zikutane, halafu ongeza pingili mbili. Hapo ndipo pa kukata. Ukiona kipimo cha mkono kinatofautiana na hesabu, fuata cheni. Na tafadhali tumia kifaa cha kutolea pini. Najua mafundi wengi wa pale sokoni wanatumia nyundo na msumari, na kwa cheni nene ya baiskeli ya kubebea mizigo inakubali. Kwa cheni hizi nyembamba za gia nyingi unapindisha kuta za pingili na itakatikia njiani.

Usikate kupita hapo kwa hamu ya kuikaza. Niliwahi kukata fupi kwa kukadiria na jicho. Siku nilipopandisha kubwa kwa kubwa kwenye mwinuko, mkono wa direla ulinyooka mpaka mwisho na sikio la fremu, lile linaloshikilia direla, likapinda. Nilisukuma baiskeli kutoka nje ya mji mpaka nyumbani juani. Cheni iliyozidi inapiga kelele. Cheni iliyopungua inavunja.

Sasa tuone kwa nini inapiga, maana ukielewa hilo direla utaichagua mwenyewe. Unapokanyaga padeli, cheni ya juu imekazwa na miguu yako, haiwezi kuruka. Unapoacha kukanyaga ukishuka, mguu hauvuti tena. Kinachobaki ni springi moja ndani ya mkono wa direla, ule wenye puli mbili ndogo. Gurudumu likipiga jiwe au likiruka matuta ya barabara ya vumbi, baiskeli inapanda ghafla, na cheni kwa uzito wake inabaki nyuma. Inauvuta mkono wa direla kwenda mbele, springi inakubali, cheni inalegea, kisha springi inaurudisha mkono na cheni inachapa bomba la fremu juu na chini. Springi haiwezi kumaliza mtikisiko. Inaupokea na kuurudisha, inaupokea na kuurudisha, mpaka barabara iwe laini.

Kwa hiyo kuna njia tatu za kupunguza kelele: kupunguza cheni inayoning'inia, kuongeza nguvu ya springi, au kuweka kitu kinachokula mtikisiko badala ya kuurudisha. Direla zinatofautiana katika hizo tatu.

Urefu wa mkono ndio watu wanaoudharau. Kampuni ya Shimano huuandika kwa herufi: SS ni mfupi, GS wa kati, SGS mrefu. Mkono mrefu unameza cheni nyingi, ila una kasoro mbili kwenye mawe. Ni mzito zaidi kwenye ncha, kwa hiyo ukianza kuyumba unayumba sana. Na kwa springi ileile, kadiri mkono unavyorefuka ndivyo nguvu inayofika kwenye cheni inavyopungua; ni kama kuinua ndoo ukiwa umenyoosha mkono badala ya kuikaribisha kifuani. Kanuni yangu ni kuchukua mkono mfupi kuliko yote inayoruhusiwa na meno yako.

Meno yanaruhusu nini? Toa ndogo ya mbele kwenye kubwa ya mbele, toa ndogo ya nyuma kwenye kubwa ya nyuma, jumlisha. Kwako ni 42 kutoa 22, yaani 20. Na 32 kutoa 11, yaani 21. Jumla 41. Namba hiyo inaitwa uwezo wa direla, na kila direla mpya ina yake kwenye karatasi inayokuja nayo. Arobaini na moja inadai mkono mrefu, huna ujanja. Lakini umesema sproketi ya katikati ndiyo unayoitumia zaidi. Ukiamua kuendesha kwa 32 peke yake, upande wa mbele unakuwa sifuri na uwezo unaohitajika unashuka mpaka 21. Mkono wa kati unatosha kabisa, na cheni nayo inafupika: 68 na 32 ni 100, ongeza 2, pingili 102. Hizo ni pingili 14 chini ya ulizo nazo sasa.

Gharama yake ni kwamba unapoteza gia nyepesi ya 22 kwenye mwinuko na gia ya 42 ya kukimbilia lami. Kwa mtu wa Nzuguni anayekwenda Hombolo bila mzigo, mimi ningeipoteza bila kusita. Kama unabeba maji au mkaa, ibakishe 22 na usahau habari ya mkono wa kati. Ukibaki na 32, usiitoe ile direla ya mbele. Iweke juu ya sproketi ya katikati, kaza skrubu zake mbili za mipaka isisogee popote, na itakulindia cheni isidondoke. Sproketi zilizotengenezwa kwa ajili ya kubadilishana cheni zina meno yaliyokatwa ili iachie kirahisi, na ukiiacha bila mlinzi itaachia hata usipotaka.

Halafu klachi. Wewe umeshapanda bodaboda, kwa hiyo neno hili linaweza kukupotosha: haihusiani na kuachanisha injini. Ndani ya kiungo cha mkono wa direla kuna kifaa kinachoruhusu mkono urudi nyuma kwa uhuru kukaza cheni, lakini ukitaka kwenda mbele kuilegeza lazima kwanza ushinde msuguano. Jiwe linapopiga, mkono hauna ruhusa ya kukubali haraka, na nguvu ya mtikisiko inaliwa na msuguano huo. Ndiyo tofauti yake na springi, na ndiyo sababu naikubali kuliko dawa nyingine yoyote ya kununua. Shimano waliileta kwenye direla zao za XTR mwaka 2011 kwa jina Shadow Plus, washindani wao SRAM wakafuata mwaka 2012 na Type 2. Kwenye Shimano kuna kiswichi kidogo cha kuwasha na kuzima. Unazima unapotoa gurudumu, unawasha ukimaliza. Wengi husahau kuwasha kisha wanalalamika kwamba haifanyi kazi.

Hapa angalia sana neno. "Shadow" peke yake si klachi. Maana yake direla imekaa ndani zaidi, karibu na gurudumu, isigonge mawe na isigonge fremu. Ni jambo zuri, lakini cheni itaendelea kucheza. Unachotafuta ni alama ya kujumlisha, au kiswichi chenyewe kwa macho. Deore ya Shimano ya gia 10 inauzwa na direla mbili zinazofanana usoni: M4120 haina klachi, M5120 inayo. Nimeona mtu akilipia ya pili akapewa ya kwanza.

Turudi kwa muuza spea wako. Liva za Shimano za milimani za gia 6, 7, 8 na 9 zinavuta waya kwa kipimo ambacho direla zake zote za enzi hiyo zinakielewa. Ndiyo maana direla ya gia 9 inafanya kazi kwenye liva yako ya gia 8 bila shida yoyote. Zilipokuja gia 10 za milimani, kipimo kilibadilishwa. Ukifunga direla ya gia 10 kwenye liva ya 8, kila ukibofya itasogea pungufu. Gia mbili zitakaa, nyingine zitaruka. Na klachi ya Shimano ilianza kwenye gia 10. Kwa maneno mengine, direla ya Shimano yenye klachi inayoendana na liva yako haipo. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa direla ya gia 10 kwa ajili ya liva ya 9 na kuhakikishiwa kwamba "itakubali ukiset vizuri". Niliiset wiki nzima. Haikukubali, kwa sababu si suala la kuset.

Basi machaguo yako halisi ni haya. Kama bajeti ni ya direla tu, chukua ya gia 9 yenye umbo la Shadow. Altus M2000 na Alivio M3100 ni za namna hiyo, zina mkono mrefu, na zikiwa mpya springi yake itashinda ya mtumba iliyochoka. Ukikubali kubaki na sproketi moja mbele, tafuta kwenye mitumba XT ya zamani ya gia 9, M772, iliyotoka kwa mkono wa kati na mrefu. Hakikisha umepewa GS. Direla nzuri iliyotumika ni bora kuliko mpya ya bei ya chini kabisa, mradi uipime kwa mkono: sukuma mkono wake kwenda mbele, uachie, urudi kwa kishindo, usirudi kwa kuchoka. Shika puli ya chini uitikise kulia na kushoto. Ikicheza kama jino bovu, iache hapo hapo.

Kama unaweza kukusanya zaidi, usinunue direla yenye klachi peke yake. Nunua seti: direla, liva, kaseti (rundo la gia za nyuma) na cheni vya familia moja, pamoja na sproketi moja ya mbele yenye meno mapana na membamba yanayopokezana, ambayo hushika cheni isidondoke. Kwa pesa ya kawaida ningekuelekeza kwenye microSHIFT Advent, kampuni ya Taiwan. Ni gia 9, klachi inayo, kaseti yake inafika meno 42, kwa hiyo ile gia nyepesi ya 22 utakayoipoteza inarudi karibu yote kwa njia ya nyuma. Direla yake na liva yake lazima ziende pamoja, haichanganyiki na liva ya Shimano. Juu yake kuna Deore ya gia 10 na ile M5120. Ni imara na inabofya vizuri zaidi, ila cheni na kaseti ya gia 10 ni ngumu zaidi kupata hapa mjini siku ikikuharibikia, na mimi jambo hilo nalipa uzito kuliko ulaini wa kubofya.

Kabla ya seti yoyote, hakiki vitu viwili. Nyuma, je, una kaseti au friwili inayojifunga yenyewe kwenye haba kwa nyuzi za skrubu? Meno 11 kwenye gia ndogo yananiambia karibu hakika ni kaseti, na haba hiyo itapokea kaseti za gia 9 na 10. Mbele, je, sproketi zimefungwa kwa boliti au zimepigwa ribiti? Za ribiti hazitoki, itabidi ubadili krenki nzima. Za boliti nne, pima kutoka katikati ya boliti moja hadi ya jirani yake. Ukipata kama milimita 73 na nusu, hiyo ni saizi ya 104 (kipenyo cha duara la boliti kwa milimita) na sproketi zake ni rahisi kupata.

Vumbi la Dodoma linahusika pia. Kuanzia Mei mpaka mvua za mwisho wa mwaka, vumbi lile jekundu linaingia kila mahali, na kiungo cha mkono kikijaa, springi nzima inaonekana imechoka wakati imekwama tu. Safisha kwa brashi na mafuta ya taa, kausha, weka tone la oili nyepesi kwenye viungo na kwenye puli. Acha kabisa oili chafu ya injini kwenye cheni. Inashika mchanga na kugeuka msasa. Klachi usiipulizie dawa ya kulainisha; inaishi kwa msuguano, ukiipa utelezi umeiua. Za Shimano zina kifuniko kidogo cha kufungua, na ndani kuna skrubu ya kuongeza msuguano ikilegea. Za SRAM hazina nafasi hiyo kwa mtumiaji. Kwa hiyo klachi ya mtumba ipime dukani: washa kiswichi, vuta mkono mbele kwa kidole. Ukienda mwepesi sawa na ulivyokuwa umezimwa, unalipia jina.

Direla nyingine za zamani zina matundu mawili ya kushikia springi ya mkono. Ukiifungua na kuhamisha ncha ya springi kwenye tundu la pili, inakaza zaidi. Muulize fundi anayejua kuifunga tena, maana ikichomoka inaruka kwa nguvu.

Kuna na jambo la bure kabisa. Ukikaribia kushuka, usiiache cheni kwenye gia ya 11 nyuma. Pandisha mpaka meno ya katikati, 18 au 21, na kama bado una 42 mbele, iweke hapo. Cheni inazunguka meno mengi zaidi, mkono wa direla unavutwa mbele na springi yake inakazwa kabla jiwe la kwanza halijafika. Watu wanashuka mlima mzima kwenye gia ndogo kabisa kisha wanailaumu baiskeli.

Na lile bomba lililobanduka rangi, chukua tyubu ya zamani, ikate utepe wa sentimita tatu, ianze karibu na haba ukivuta kwa nguvu na kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, umalizie karibu na krenki na ufunge kwa utepe wa umeme. Haizuii cheni kucheza, ila inaondoa kelele na kuilinda fremu, na hiyo fremu yako ikichimbika sana ukutani mwa bomba haina mbadala.

Kata cheni wiki hii, pingili 108 kama unabaki na sproketi zote. Shuka Ntyuka njia ileile, gia zilezile, usikilize. Ikibaki kelele inayokukera, nitumie picha ya boliti za sproketi ya mbele na picha ya direla uliyonayo ikiwa imesukumwa mbele, kabla hujaenda dukani.